Malaika ya Mguu wa Kushoto

Daktari Twaibu alipokunja suruali
kumtafuta siafu aliyemng'ata koridoni,
niliona: mguu wa kulia una malaika yake,
wa kushoto unang'aa kama kigae cha bafu.
Miaka kumi na sita amesimama vile vile,
ubavu wa kushoto kwenye mashine,
na chini ya ncha ya aproni
mwanga umekuwa ukimnyoa bila wembe.

Mimi ni mtu wa picha. Chumba chetu kiko Ganjoni,
ghorofa ya pili, tunatazamana na duka la matairi.
Waya mwembamba kuliko tambi huingia mkononi
ukapanda hadi moyoni;
yeye hukanyaga pedali, na moyo hujitokeza kwenye skrini,
ukipapa kama kuku aliyefungwa miguu sokoni Kongowea.

Miale hatuisikii. Haina joto, haina harufu,
haipigi hodi. Joto tulijualo ni la Machi,
stima ikikatika, kilo saba za risasi mabegani,
jasho likishuka hadi ndani ya kandambili.
Watu wakisikia risasi hufikiri bunduki.
Kwetu risasi ni nguo,
wala haikunjwi kama kanga: ikikunjwa hupasuka kwa ndani,
na ufa wake huuoni mpaka uupige picha.

Beji yake niliikuta droo ya pili,
chini ya risiti za mahamri na chaja iliyokufa.
Mwezi wa tatu mfululizo namba ni sufuri na ushei,
kwa mtu aliyezibua mishipa tisini!
"Ikijaa wataniambia nipumzike," akasema.
"Na nikipumzika? Mzee Chengo wa winchi
yuko wodini, mshipa wake umebaki uzi."
Sikuwa na jibu.
Mganga hajigangi, walishasema,
lakini hawakusema ajifiche asihesabiwe.

Siku ya Mzee Chengo, dakika thelathini na moja.
Mashine ililia kila baada ya tano.
Nikazipunguza picha, kumi na tano kwa sekunde
hadi saba na nusu.
"Zinarukaruka," akanung'unika.
"Moyo ndio unaoruka. Toa mguu, daktari."
"Unanihesabia pumzi, Nyevu?"
"Nahesabu mwanga."
Hakucheka. Mshipa ulifunguka,
na mzee akauliza kama kuna chai.

Jioni alinifuata penye ndoana za aproni,
akafumba jicho la kulia, akatazama taa.
"Ina duara," akasema, "kama naiona
kupitia mvuke wa sufuria."
Nilijua. Naye alijua kwamba najua.

Usiku ule, mimi nisiye malenga,
nikaandika kwa wino mzito, nikabandika mlangoni:

    Mguu ondoa sasa, mwanga usiurefushe,
    Kioo usije kosa, hadi jicho ukishushe,
    Rudi nyuma hapa hasa, sumu yake uipishe,
    Beji si ya kuitosa, kolani uidumishe.

Manesi walicheka. Yeye alihesabu mizani kwa vidole,
akaikuta imetimia, akaingia.
Alikivuta kioo mwenyewe. Akarudi nyuma nusu hatua,
nusu hatua ambayo sakafu ilikuwa nayo
miaka yote hiyo, bure.

Mwisho wa mwezi namba ilikuja ndefu.
Niliiandika kitabuni mkono ukinitetemeka,
na sikuona haya kufurahi: ilikuwa ya kweli.
Wakampa wiki mbili. Daktari mgeni akashika zamu.

Aliporudi alikunja suruali, upande wa kushoto,
akaniuliza, utani nusu:
"Nyevu, malaika hurudi?"
"Ya mguuni sijui," nikamwambia.
"Wale wa mabegani hawajaondoka, wanaandika.
Vaa beji."